Kazi ya Pamoja na Tabia za Watu

Watu kumi wakikusanywa kufanya kazi moja, hawaleti mikono ishirini tu. Kila mmoja huja na tabia yake. Huyu ni mwepesi wa maneno na hupenda kuzungumza na kila apitaye. Yule ni mkimya, na akiulizwa neno hufikiri kwanza ndipo ajibu. Mmoja hapati usingizi ikiwa kazi ya jana haijamalizika, na mwenzake huona kwamba kesho nayo ni siku. Wazee walilijua jambo hili tangu zamani, ndiyo sababu mtu aliyetumwa kwenda kuposa mara nyingi hakuwa yule aliyetumwa kwenda kutazama mpaka wa shamba. Lakini swali la kwamba tabia hizi zikichanganywa huleta faida gani katika kazi, au hasara gani, halikupimwa kwa hesabu mpaka karne ya 20. Na majibu yaliyopatikana hayakuwa yale yaliyotazamiwa.

Swali lenyewe si la wenye maofisi makubwa peke yao. Linamhusu mwanachama wa chama cha ushirika anayechagua kamati, nyapara anayegawa kazi za ujenzi, mwalimu mkuu na walimu wake, hata kundi la wanawake wanaochangiana fedha kila mwezi. Mahali pote hapo, kuchagua vibaya watu wa kufanya kazi pamoja huwagharimu wengine fedha zao.

MAJI MANNE NA AINA KUMI NA SITA

Jitihada ya kuwagawanya watu kwa tabia zao ni ya kale sana. Mganga Galen, aliyezaliwa mwaka 129 baada ya Kristo katika mji wa Pergamon, ulioko katika nchi ya Uturuki ya leo, aliwafuata Wayunani waliomtangulia akafundisha kwamba mwili wa binadamu una maji ya namna nne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kutokana na mafundisho hayo watu waligawanywa katika aina nne, yaani mchangamfu, mpole mzito, mwenye hasira na mwenye huzuni, kila mmoja kwa kadiri ya maji yaliyomzidi mwilini. Waganga wa Kiarabu na wa Kiajemi waliipokea elimu hiyo, miongoni mwao Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, ikaenea pamoja na vitabu vyao mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki. Maneno "balghamu" na "safura" yaliyomo katika Kiswahili ni mabaki yake, ingawa leo mtu atajaye safura hafikiri hata kidogo habari za tabia.

Utabibu wa siku hizi umeyaacha maji manne. Desturi ya kuwahesabu watu kwa aina haikuachwa. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa Uswisi, alichapisha kitabu alichowagawa ndani yake watu kwa namna mbili kubwa: wale ambao nguvu zao huelekea nje, kwenye watu na mambo, na wale ambao nguvu zao huelekea ndani, kwenye mawazo yao wenyewe. Huko Marekani mama mmoja, Katharine Briggs, na binti yake Isabel Briggs Myers, ambao hawakuwa wataalamu wa elimu ya nafsi kwa kusomea, waliyachukua mafundisho ya Jung wakatunga maswali ya kumtia kila mtu katika moja ya aina 16. Maswali hayo yalichapishwa mwaka 1962, yakaenea katika makampuni mengi ya dunia.

Wataalamu wengi hawayategemei sana. Mtu akiyajibu leo, kisha akayajibu tena baada ya majuma machache, mara nyingi hupewa aina nyingine. Wala si kwamba tabia yake imegeuka. Sababu yake huonekana kwa mfano wa kimo. Katika kijiji chochote watu warefu sana ni wachache, na wafupi sana ni wachache. Walio wengi ni wa kadiri. Mtu akipiga mstari katikati na kusema kwamba walio juu ya mstari ni "warefu" na walio chini yake ni "wafupi", basi unene wa kisigino cha kiatu watosha kumhamisha mtu kutoka aina moja kwenda nyingine. Tabia nazo ziko hivyo hivyo. Kwa hiyo wachunguzi wa sasa hawaulizi tena mtu ni wa aina gani. Huuliza ana kiasi gani cha mambo matano: uchangamfu, upole wa kupatana na wenzake, bidii pamoja na uangalifu, utulivu wa moyo, na kupenda mambo mapya.

Hata hivyo lugha ya aina ina matumizi yake katika mazungumzo ya kila siku, kama vile watu wanavyoendelea kusema "mrefu" na "mfupi" bila kuleta kipimo. Yatosha kukumbuka kwamba ni lugha tu.

WATU WENYE AKILI WALIOSHINDWA

Kando ya mto Thames, katika mji wa Henley nchini Uingereza, palikuwa na chuo kilichofundisha wakubwa wa kazi, wengine wakitoka katika makampuni ya biashara na wengine katika idara za serikali. Sehemu moja ya masomo yao ilikuwa mchezo wa biashara. Wanafunzi waligawanywa katika makundi yaliyokuwa mfano wa makampuni, kila kundi likafanya maamuzi yake ya fedha, na mwisho hesabu ikapigwa ili ijulikane ni kampuni gani iliyofaidi zaidi. Mwaka 1969 Daktari Meredith Belbin alikaribishwa kuutumia mchezo huo kwa uchunguzi, naye na wenzake wakaendelea nao kwa karibu miaka kumi. Wanafunzi walipimwa kwanza kwa mitihani ya maandishi, ya akili na ya tabia. Kisha wachunguzi wakaketi pembeni ya kila kundi wakiandika nani ameuliza, nani ametoa shauri, nani amepinga, na nani ametuliza ugomvi. Belbin alizichapisha habari hizo katika kitabu mwaka 1981.

Uzuri wa njia hii ni kwamba ushindi haukutegemea maoni ya mtu. Fedha zilihesabiwa, na aliyeshindwa aliiona hasara yake kwa tarakimu.

Jaribio mojawapo la mwanzo lilikuwa rahisi. Watu waliopata alama za juu kabisa katika mtihani wa akili walitiwa pamoja katika kundi moja, na makundi mengine yakapewa waliobaki. Kundi hilo liliitwa Apollo, jina la vyombo vya Marekani vilivyowapeleka watu mwezini katika miaka ile. Kila mtu alitazamia kwamba Apollo watashinda bila taabu. Wakawa wa mwisho. Jaribio likarudiwa kwa muda wa miaka mingi, na kati ya makundi 25 ya namna hiyo ni 3 tu yaliyoushinda mchezo. Kwa kuwa makundi yaliyoshindana kwa kawaida yalikuwa manane, hata kama mshindi angalichaguliwa kwa kura ya kokoto, Apollo wangalipata karibu ushindi ule ule. Akili zao zote hazikuwaongezea kitu.

Walioketi pembeni waliiona sababu. Kila mmoja wa hao wenye akili alikuwa na shauri lake, tena alilieleza vizuri sana, na kila mmoja alikuwa hodari wa kuona ufa katika shauri la mwenziwe. Basi saa zilipita katika kubishana, wala hapana aliyekubali kugeuzwa. Mwisho kila mtu alishika njia yake bila kutazama mwingine amefanya nini, na kazi ndogo ndogo zisizo na sifa ziliachwa bila mtu wa kuzishughulikia. Msemo wa pwani kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama ulithibitishwa mara 22.

Jaribio jingine lilihusu tabia zaidi kuliko akili. Yalifanywa makundi ya watu wa tabia moja tu, kwa namna nne. Makundi ya kwanza yalikuwa ya watu wachangamfu wenye mioyo iliyotulia. Hao walipatana upesi, wakasaidiana, wakaifurahia kazi, na kwa jumla matokeo yao yalikuwa mazuri. Kasoro yao ni kwamba furaha iliwazidi wakalegea. Makundi ya pili yalikuwa ya wachangamfu wenye wasiwasi, watu wasioweza kutulia. Hao walikuwa wepesi kuiona faida na kuirukia, walibishana waziwazi bila kuwekeana kinyongo, na mambo yalipobadilika ghafula walifanya vizuri. Lakini siku za kawaida hawakutegemewa, maana kila jambo jipya liliwavuta wakaliacha lile walilolianza. Makundi ya tatu, ya wakimya wenye mioyo iliyotulia, yalipanga kazi kwa utaratibu mwema, lakini yalikwenda polepole, na habari mpya zilipoingia yaliendelea na shauri la jana. Hawakufanya vibaya wala vizuri. Makundi ya nne yalikuwa ya wakimya wenye wasiwasi. Mmoja mmoja walikuwa na mawazo ya kufaa, lakini kila mtu alizama katika wazo lake, na kwa hakika hapakuwa na kundi, palikuwa na watu walioketi pamoja tu. Hao kwa kawaida walishindwa.

Msomaji asifanye haraka kusema kwamba mkimya mwenye wasiwasi hafai kazini. Lililoshindwa ni mkusanyiko wa watu wa namna moja. Belbin mwenyewe alipoendelea na uchunguzi aliona kwamba yako makundi yaliyokuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kumalizia: mtu wa kuikagua hesabu mara ya pili, wa kukumbusha kwamba siku zimekwisha, wa kuiona sifuri iliyosahauliwa. Na alipotafuta watu wa kazi hiyo walikuwa wa tabia gani, akawakuta wengi ni wale wale wakimya wenye wasiwasi. Wasiwasi wao ndio uliowafanya waangalie tena yale ambayo wengine wameyapita. Mtu mmoja wa namna hiyo katika kundi ni mali; watano pamoja ni matanga.

Kadhalika na mtu wa mawazo mapya. Makundi mengine yaliendeshwa kwa utaratibu lakini hayakuwa na wazo lolote ambalo wengine hawakuwa nalo. Wachunguzi wakamtafuta katika mitihani mtu mwenye akili ya kubuni, wakampanda makusudi katika kila kundi, kama mche katika shamba, na hiyo ndiyo asili ya jina la Mche ambalo Belbin aliwapa watu hao. Mara nyingi hawakuwa wasemaji wazuri, nao walikuwa wepesi kuudhika. Kundi lililojua namna ya kumtunza mtu huyo lilifaidi. Kundi lililotiwa wabunifu wengi mno halikufaidi, kwa sababu kila mmoja alipenda mche wake tu.

Tena wako wengine: yule anayesukuma kazi mbele hata ikiwa wenzake watachukia, yule anayetoka nje kutafuta habari na marafiki, yule anayepima mashauri kwa baridi bila kupendelea, yule anayepatanisha, na yule anayechukua shauri lililokubaliwa akalifanya kazi ya mikono, leo hivi na kesho hivi. Pamoja na mkumalizia, mbunifu na mwenyekiti, jumla yake Belbin alizihesabu nafasi nane, na baadaye akaongeza ya tisa, ya fundi anayeijua kazi moja kwa undani. Hazina maana kwamba kundi liwe na watu tisa. Mtu mmoja aweza kushika nafasi mbili, na wengi hufanya hivyo.

Jambo lililomshangaza kila mtu lilikuwa la mwenyekiti. Wenyeviti walioongoza makundi kwenye ushindi hawakuwa watu wa akili kupita wote. Akili yao ilikuwa ya kadiri, au ilizidi kidogo tu ya wenzao. Walichokuwa nacho ni subira ya kusikiliza, macho ya kuona nani anafaa kwa lipi, na uthabiti wa kusema, "Sasa yatosha, tumeamua." Wanachama wanaomchagua mwenyekiti kwa sababu alimshinda kila mtu katika kubishana wangefanya vema wafikiri tena juu ya habari hii.

KIWANDA CHA KAHAWA

Mambo ya mchezo wa Henley yanaweza kuonekana mbali na maisha ya mkulima. Mfano wa karibu ni kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika, cha namna iliyoenea sana katika milima ya Kenya ya kati tangu miaka ya 1950.

Kahawa mbivu huchumwa na kupelekwa kiwandani siku hiyo hiyo. Hapo huchambuliwa, hupimwa kwa mzani, na kila mwanachama huandikiwa kilo zake. Siku hiyo hiyo lazima imenywe kwa mashine, maana ikilala katika magunia huanza kuchacha ovyo. Ikimenywa hutiwa katika matangi mpaka ute ulioshika mbegu ulegee, kisha huoshwa kwa maji safi na kuanikwa juu ya meza ndefu. Huko hugeuzwa mara nyingi, hufunikwa jua likiwa kali sana mchana ili ganda lisipasuke, na hufunikwa tena usiku na wakati wa mvua. Kahawa iliyokaa mno katika tangi huchukua ladha mbaya, wala hakuna dawa yake mezani. Kahawa iliyonyeshewa siku moja hushuka bei pamoja na ile iliyochumwa vizuri, kwa sababu zote zimechanganyika. Basi uvivu wa mtu mmoja kwa saa mbili huingia katika malipo ya mamia ya nyumba, na watoto wa nyumba hizo wanangojea karo.

Sasa itazamwe kazi yenyewe na tabia zinazotakiwa. Kwenye mzani, wakati wa jioni, pana mstari mrefu wa watu waliochoka. Panatakiwa mtu mchangamfu na mvumilivu wa kuwapokea, kusikiliza malalamiko na kuwaonyesha wanawake wazee mahali pa kutua mzigo. Panatakiwa pia mtu asiyechukuliwa na maneno, anayeandika kilo kama mzani unavyosema, iwe ya mjomba wake au ya adui yake. Ni taabu kuzipata tabia hizo mbili katika mtu mmoja. Mchangamfu huandika huku akicheka, na anayeandika kwa uangalifu huwajibu watu kwa ukali. Kiwanda chenye busara huweka watu wawili, mmoja wa kupokea na mmoja wa kuandika, na gharama ya mshahara wa pili hurudi katika hesabu zisizokuwa na ugomvi.

Kwenye matangi anatakiwa yule mwenye wasiwasi, anayeamka saa nane za usiku kwenda kushika mbegu kwa vidole aone kama ute umelegea. Kwenye meza za kuanikia wanafaa watu watulivu wanaoweza kurudia kazi moja tangu asubuhi mpaka jioni bila kuona kwamba wamedharauliwa. Mtu wa kubuni akiwekwa hapo atachoka siku ya tatu. Lakini mtu huyo huyo akiulizwa jinsi ya kuzuia maji machafu ya kuoshea yasiingie mtoni, huenda akapata njia ambayo hapana mwingine aliyeifikiria. Na yule anayependa watu na safari ndiye wa kutumwa kwa wanunuzi na wenye vinu vya kukobolea, ili kujua bei na masharti yao, mradi asiachiwe yeye peke yake kuandika hati za mapatano.

Msimamizi wa kiwanda akiwagawa watu kwa ukoo, au kwa nani aliyeandikwa kwanza, huenda akamweka mchangamfu tangini na mwenye wasiwasi mbele ya mstari wa watu waliokasirika. Kisha ataandika katika taarifa yake kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu.

TOFAUTI INAYOFAA NA ISIYOFAA

Hapa lazima itiwe mpaka. Mtu akisikia kwamba kundi jema ni lile la tabia mbalimbali, aweza kudhani kwamba hata mvivu ana nafasi yake, na mgomvi yake. Uchunguzi hausemi hivyo.

Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Murray Barrick na Michael Mount, walikusanya uchunguzi 117 uliofanywa na watu wengine, ambao kwa jumla ulihusu watu karibu 24,000. Kati ya tabia tano zilizotajwa hapo juu, moja tu ilifuatana na kazi njema katika kila namna ya kazi waliyoitazama, tangu polisi na mafundi mpaka mameneja na wauzaji: nayo ni bidii pamoja na uangalifu. Uchangamfu ulisaidia katika kazi za mameneja na wauzaji, ambao hushughulika na watu. Mwaka 1998 Barrick na wenzake walitazama makundi 51 ya wafanyakazi, jumla watu 652, wakaona kwamba makundi yaliyopewa sifa na wasimamizi ni yale yaliyokuwa na kiasi kikubwa zaidi cha bidii, upole, uchangamfu na utulivu wa moyo, pamoja na akili. Na mwaka 2007 Suzanne Bell alikusanya habari za uchunguzi mwingi juu ya makundi, akakuta jambo la kuangaliwa sana: kwa habari ya upole, lililoonyesha vizuri jinsi kundi litakavyofanya kazi halisi lilikuwa kiasi alicho nacho yule aliye mgumu kuliko wote. Samaki mmoja akioza, mtungo mzima hunuka.

Kwa hiyo ziko tofauti za namna mbili. Kundi hufaidika likiwa na mwepesi na mzito, msemaji na mkimya, mwenye kubuni na mwenye kufuata utaratibu. Lakini halifaidiki kwa kuwa na mwaminifu na mwizi, mwenye bidii na mtegaji, mpatanifu na mchochezi. Katika mambo haya ya pili inatakiwa wote wafanane, na mahali pa kuyatazama ni kabla ya mtu kuandikwa kazi, kwa kuuliza habari zake huko alikotoka. Maana baadaye hapana ugawaji wa kazi utakaoiponya kasoro hiyo.

Vipimo hivi vyote, hata vilivyo bora, hueleza sehemu ndogo tu ya kazi ya mtu. Ujuzi, vyombo vya kazi, afya na malipo vina nguvu yake. Mtu mwenye bidii asiyelipwa kwa miezi mitatu atalegea, nalo si jambo la tabia. Hata orodha ya maswali aliyoitoa Belbin katika kitabu chake ililaumiwa na wataalamu wengine mwaka 1993, wakisema haipimi kwa uthabiti. Wanaofanya biashara ya kuuza mitihani ya tabia mara chache hulitaja jambo hili.

Hatari kubwa zaidi ni kumpa mtu jina na kumfunga nalo. Kenya inaujua ubaya huo. Wakati wa utawala wa kikoloni jeshi la King's African Rifles liliandikisha askari kwa kufuata dhana ya "makabila ya vita", Wakamba na Wakalenjin wakihesabiwa miongoni mwao, na waajiri wengine nao walikuwa na orodha zao za kabila la kufaa jikoni na kabila la kufaa shambani. Hakuna kipimo chochote kilichokuwa nyuma ya orodha hizo. Tabia hupimwa kwa mtu mmoja mmoja. Na ndani ya familia moja, waliolala kitanda kimoja na kula sahani moja, hutoka msemaji na mkimya.

UCHAGUZI WA KAMATI

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1997, iliweka kamati ya watu wasiopungua 5 wala kuzidi 9, wanaochaguliwa na wanachama katika mkutano. Mkutano ni mahali pa kusema, na kwa hiyo humpa nafasi msemaji. Ikiwa wagombea wote huonwa kwa dakika chache wakiwa wamesimama mbele ya watu, si ajabu kamati nzima ikawa ya wachangamfu, nusu yao wakiwa na wasiwasi wa kutaka kusikilizwa. Katika Henley makundi ya namna hiyo yalifanya vizuri mambo yalipobadilika ghafula, na hayakutegemewa siku nyingine zote. Chama cha ushirika kina siku nyingi za kawaida.

Njia moja ya kulizuia jambo hili ni kuanza na kazi kabla ya majina. Kabla ya kura, zisomwe shughuli ambazo kamati itazifanya mwaka huo: kuna hesabu za kukaguliwa kila mwezi, kuna mashine ya kununuliwa, kuna mapatano na wanunuzi, kuna ugomvi wa mpaka wa kiwanda. Ndipo wanachama waulizane nani kati ya wagombea ameonekana akifanya kazi kama hiyo mahali pengine. Anayetunza vizuri kitabu cha fedha cha kanisa au cha msikiti huenda hajasimama mkutanoni hata mara moja. Jina lake hutajwa na jirani.

Kamati ikiisha kuchaguliwa, inabaki kazi ya kuwasikia wakimya wake, na hiyo ni ya mwenyekiti. Mambo ya kuzungumzwa yapelekwe kwa wajumbe siku mbili tatu mbele, maana mkimya hupenda kufikiri kabla ya kusema, na akishtukizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake huandikwa kuwa ni kukubali. Katika jambo zito kila mjumbe aulizwe kwa zamu, kuanzia kwa aliye mdogo au mgeni, na mwenyekiti aseme mwisho. Kwa kuwa yeye akianza, walio baada yake watatafuta njia ya kumfuata. Na katika kumbukumbu za mkutano liandikwe jina la mtu mmoja mbele ya kila kazi iliyokubaliwa, pamoja na siku ya kuimaliza, kisha nakala apewe yule mjumbe mwenye wasiwasi.